Mwere Niliowapa Chiriku

Simu ilinikuta katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, na kwa kuwa sipendi kupigiwa simu nikiwa kazini niliipokea kwa ukali. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniuliza kama mimi ndiye Njagi, yule mtu wa kisiwa. Ilikuwa karibu miaka thelathini tangu mtu aniite hivyo. "Mimi ni Igoki," akasema, "wa Gachoka. Mama ametuacha, Mwalimu. Tunamzika Ijumaa. Alituambia hata tukisahau nani, wewe tusikusahau." Nikasema pole, nikasema nitafika, kisha nikakaa chini palepale kwenye udongo uliolowa ukungu wa Kibugu, mzee mzima. Hayakuwa machozi. Ilikuwa aibu, na aibu ikizeeka huwa nzito kuliko ilipokuwa changa. Kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia yule mama tangu miaka ya tisini. Kila Krismasi niliahidi nitashuka Gachoka nikamwambie, na kutoka kwangu hadi kwake ni safari ya asubuhi moja tu.

Nilikotoka na baba yangu alikuwa nani, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza shule, sina kazi, na niliajiriwa kuhesabu ndege. Nyumbani walicheka mpaka wakakohoa. Kisiwa chenyewe usidhani ni kitu cha baharini. Kilikuwa kilele cha kilima. Walipoziba mto Tana kupata umeme, maji yalipanda yakameza bonde zima na mashamba yake, na kile kilima kikabaki kichwa tu, na mawe yake, miiba yake na nyasi zake ndefu, matete yakiota pembeni kulikozunguka maji. Na juu yake walibaki chiriku. Alikuwa ndege mdogo wa kutoshea ndani ya ngumi ya mtoto, mgongo wa rangi ya vumbi, kifua chenye mistari myembamba, na manjano kidogo juu ya mkia ambayo huyaoni mpaka aruke. Alikula mbegu za nyasi, basi, hana haja na kingine. Niliambiwa zamani alijaa kwenye vilima vyote vya upande ule. Kisha watu wakachoma makaa, mbuzi wakaongezeka, wengine wakawanasa na kuwatia vizimbani kwa sababu wanaimba vizuri, na mwishowe wakabaki wale tu waliozungukwa na maji. Asubuhi yangu ya kwanza nilihesabu arobaini na watatu.

Aliyeniajiri alikuwa Daktari Kinya, mwanamke wa Meru, mwalimu wa chuo kikuu, mfupi, mwenye haraka, aliyevaa gambuti hata kwenye jua kali. Alinivusha kwa boti ya bati, nami nimeshikilia ubao kwa mikono miwili, maana sisi wa milimani maji tumezoea kuyaona kwenye ndoo. Alinionyesha kibanda, akanipa darubini na daftari, akaniambia mambo yote akiwa amesimama. "Sikiza, Njagi. Nyumba moja si nyumba. Moto mmoja tu hapa, wamekwisha, duniani hakuna tena. Natafuta ruhusa nihamishe wengine kwenye kilima fulani upande wa Meru, na hiyo ruhusa itachukua mwaka. Kazi yako ni moja. Nikirudi kuwachukua, wawepo." Nikasema sawa. "Na usiwazoeshe. Usiwashike, usiwaite, usiwape kitu. Wewe uwe jiwe lingine tu hapa." Nikasema sawa tena. Nilikuwa kijana wa kusema sawa.

Kibanda kilikuwa cha mabati, chumba kimoja, walichokiacha wapima ardhi. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, stovu ya mafuta ya taa, meza ya kreti mbili za soda, na msumari ukutani ambao niliutundikia darubini, shati la Jumapili na, kwa miezi mingi, macho yangu pia, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Ikifika saa nane mchana mabati yalilia kwa joto, ta, ta, ta, nami nilijilaza sakafuni nikiwaza ukungu wa kwetu. Nilipika ugali na ndengu. Kesho yake ndengu na ugali. Karatasi ya unga niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo, pamoja na anwani ya kiwanda. Upweke nilikuwa nimeusikia kwenye nyimbo tu, nikadhani ni huzuni ya mtu aliyeachwa na mpenzi. Ule wa kisiwani haukuwa huzuni hata. Nilikuwa nikianza kujisikia kama sipo. Kuna siku nilijibu salamu, "Wimwega," kwa sauti, na hakuna aliyekuwa amenisalimu.

Kitu kimoja kiliniokoa, nacho ni kwamba maji hubeba sauti. Ng'ambo, mahali bwawa lilipokuwa jembamba, kulikuwa na shamba la mwere, nafaka ile wengine huiita uwele, na katikati yake jukwaa la miti, na juu ya jukwaa mwanamke mmoja. Mwere ukianza kukomaa huwezi kuuacha hata kwa dakika. Toka jua lichomoze mpaka lizame mtu husimama juu ya jukwaa akifukuza ndege kwa kombeo, kwa debe, na zaidi kwa koo lake. Mimi mtu wa chai sikuwahi kuona kazi ya namna ile. Kwetu nani anakula majani ya chai? Nilisikia kila neno lake. Aliwatukana ndege kwa majina ya watu aliowakasirikia: wale wa kushoto aliwaita machifu, wale wa kulia aliwaita shemeji zake. Kukiwa hakuna ndege alijisemea mambo yake ya mbuzi na ya goti lake. Na wanawake walipoteremka kuteka maji nilisikia habari zangu mwenyewe. "Eti analipwa kulinda ndege," mmoja alisema. "Na sisi tunaowafukuza nani anatulipa?" Wakacheka. Yule wa jukwaani akawajibu kutoka juu, "Mwacheni mtoto wa watu. Hata mbuzi hufungwa wawili." Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, sahani ya ndengu magotini, na neno hilo liliniingia vibaya. Sikumaliza kula.

Ndivyo nilivyomjua Mama Igoki. Jumamosi moja nilivuka kutafuta unga, akaniita kwa mkono, akataka kujua kama nasoma. Bintiye Igoki alikuwa shule ya bweni Embu, naye mama hakujua kuandika, na watu wa kijijini waliomwandikia walikuwa wakitangaza yaliyomo. Kiembu changu na Kimbeere chake vilielewana bila shida, isipokuwa alinicheka nilivyoita vitu. Tulikaa jikoni kwake, chumba chenye moshi, mafiga matatu, kinu pembeni, na gunia la mwere limeegemezwa ukutani kama mgeni wa heshima. Alisema, nikaandika: mwambie mbuzi mweupe amezaa, mwambie asome hesabu asiogope, mwambie nyumba ni kubwa sana sasa. Hili la nyumba kubwa aliniambia nilifute. Kisha akaniambia niliache. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Nilipoinuka aliniwekea bakuli kubwa la mwere kwenye mfuko. "Kwa uji," akasema. "Usiwe unaandikia watu tumbo tupu." Ikawa desturi yetu kila Jumamosi.

Mwere ule sikujua hata kuusaga. Niliuacha chini ya kitanda. Halafu mwezi wa saba ukaja na kiangazi, nyasi zikakauka, chiriku wakahamia upande wa pili wa kisiwa wakitafuta mbegu kwenye mawe, na asubuhi nilipotoka na kikombe changu cha chai hapakuwa na mtu. Nasema mtu kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Daktari naye alikuwa ameenda ng'ambo kwa mikutano, harudi mpaka mwaka mwingine. Siku ya tatu ya kimya nilichukua ukufi wa mwere nikaunyunyiza mbele ya mlango. Nilijiambia wana njaa. Kwenye daftari sikuandika kitu. Kesho yake walikuja watatu, keshokutwa kumi, na kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa nikisimama mlangoni na kuita, "Ukani! Ukani, twana twakwa!", njooni, watoto wangu, nao wakashuka wote, wakala karibu na vidole vya miguu yangu. Mmoja mwenye jicho bovu alipanda juu ya kiatu. Sijui niseme nini zaidi. Nilifurahi. Nilikuwa sijaguswa na kiumbe chochote kwa miezi minne.

"Uji wangu unauonaje?" Mama Igoki aliniuliza Jumamosi moja. Nikamwambia ni mtamu sana, mama. "Mtamu!" akasema, akaweka mwiko chini. Alicheka, akafuta macho kwa leso, akacheka tena. "Basi ongeza, mtu wa chai, kama ni mtamu." Akanijazia mfuko mpaka shingoni. Nami nilidhani amefurahi kusifiwa. Mwanamke yule alikauka koo toka alfajiri hadi jioni akifukuza ndege kutoka kwenye mwere wake, akanipa mwere huohuo nile, nami nikauvusha maji kwenda kuwamwagia ndege. Nililijua hilo wakati nikilifanya. Kila Jumamosi nilijiambia nitamwambia, na kila Jumamosi nilimwangalia akipima kwa bakuli lile lililopasuka ukingo, na maneno yakarudi tumboni.

Mvua ya mwere ilinyesha tena mwezi wa kumi, vizuri kabisa. Mama Igoki akapanda. Kisiwa kikawa kijani, nyasi zikatoa mbegu za kutosha, na hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Njaa haikuwepo tena ya kusingizia. Sikuacha. Mwezi wa kumi na moja walitokea wageni kati ya chiriku wangu, wadogo vilevile lakini wenye midomo myekundu, ishirini hivi, wakali wa kula. Nilifurahi pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto yeyote wa Mbeere wa miaka minne angenipiga kofi, kwa maana angejua hao ni kwelea, na kwamba kwelea ishirini ni watu waliotangulia kutazama nyumba. Mimi nilikulia penye chai. Niliwaandika daftarini: ndege wageni, wazuri.

Kufikia Januari hawakuhesabika. Jioni waliingia kwenye matete ya kisiwa wakiwa wingu, matete yakalala kwa uzito wao, na kelele yao ilikuwa kama mafuta yanayokaangwa bila kukoma. Asubuhi waliinuka pamoja, wakavuka maji, wakaenda moja kwa moja kwenye mwere wa Mama Igoki uliokuwa na punje za maziwa. Chiriku wangu walijibana kileleni, thelathini na wanane kwa hesabu yangu, wakila walichoachiwa. Nilikaa kwenye jiwe langu na kusikia ng'ambo debe likipigwa, kombeo likilia, na sauti ile ikiita machifu na mashemeji. Baadaye haikuita majina tena. Ikawa inapiga kelele tu.

Watu wakapeleka habari kwa watu wa kilimo, na mmoja wao akaja na kaimu chifu mpaka ukingoni. Wakaniita nivuke. Afisa alikuwa mtu mstaarabu, amechoka, viatu vimejaa vumbi. "Kijana, wewe una darubini. Hawa wanalala wapi? Nikijua malazi, naita ndege ya dawa, siku mbili imekwisha. Nisipojua, siwezi kunyunyizia wilaya nzima." Mama Igoki alikuwa amesimama nyuma yake, debe mkononi. Nilijua dawa ile haichagui. Wakinyunyizia matete, kisiwa kizima kingelowa, na chiriku wa mwisho duniani wangelala humo humo na kwelea. Wawepo nikirudi, Daktari alikuwa amesema. Nikamtazama afisa usoni nikasema, "Huwa wanapita juu yangu wakielekea chini ya mto. Sijui wanapolala." Akaandika. Mama Igoki aliangalia maji, akageuka akapanda jukwaani kwake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza nilimsikia. Siku ya pili nilimsikia kidogo, kama anayekwaruza sufuria. Siku ya tatu kulikucha, kwelea wakavuka, na nilisikia debe peke yake. Debe, kimya, debe. Nikachukua darubini. Alikuwa juu ya jukwaa, mdomo wazi, shingo imekaza, anapiga kelele, na hakuna kitu kilichokuwa kikitoka. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini, nimezika mke, nimeona mengi, lakini mdomo ule wazi sijausahau. Niliingia kwenye boti nikapiga kasia mpaka viganja vikachubuka.

Nilimwambia nikiwa chini ya jukwaa, nimeinua uso. "Wanalala kwangu, mama. Kwenye matete. Nilidanganya." Alishuka polepole kwa sababu ya goti. Aliongea kwa mnong'ono, ikabidi niinamishe sikio kwenye kinywa chake. "Najua wanalala kwako. Nina macho. Nilitaka useme wewe." Kisha akauliza, "Na tule tundege twako? Dawa itawaua?" Nikasema itawaua wote. Alikaa kwenye gogo, akachuma shuke moja la mwere lililobakia punje upande mmoja, akalikunja kunja mkononi. Nilingoja anitukane. Nilitaka sana anitukane. "Nenda umwambie afisa," akanong'ona. "Lakini mwambie waje kesho kutwa jioni, si kabla. Kesho asubuhi njoo univushe."

Alivuka na tenga la kuku, kamba, kijiti na mfuko wa mwere, goti lake likimuuma, bila kuonyesha woga wowote wa boti. Kilima kile alikijua, kwani alichunga mbuzi pale kabla ya maji. Alilisimamisha tenga mbele ya mlango wangu kwa kijiti, akamwaga mwere chini yake, akajificha nyuma ya ukuta na kamba mkononi, kama wanavyonaswa ndege na watoto wa huko tangu zamani. Chiriku hawakuja. Walimwona mgeni. Akanifinya mkono, akaninong'oneza, "Waite. Vile unawaitanga." Nikasimama mlangoni, nikaita. Ukani, twana twakwa. Wakashuka. Niliwaita watoto wangu kwenye mtego, wakaja kwa kuniamini, na sikujiuliza siku ile mama yule alijuaje kwamba nina desturi ya kuwaita.

Kila alipovuta kamba waliruka waliokuwa nje, na walionaswa wengi walikuwa kwelea. Aliingiza mkono wake mkubwa wenye nyufa chini ya tenga, akawatoa mmoja mmoja, kwelea akawaachilia kwa kusonya, chiriku akawapitisha kwangu bila kuwabana. Baada ya mara ya nne wakawa wajanja. Mpaka jua linainama tulikuwa na tisa. Yule wa jicho bovu hakuwemo. Tulimngoja sana. Alikaa juu ya jiwe langu akitutazama kwa jicho lake moja, mpaka Mama Igoki akanigusa bega, tukaondoka.

Ndege ya dawa ilikuja kesho yake saa kumi na mbili jioni, kama nilivyomwomba afisa. Ilipita mara sita juu ya kisiwa, chini kabisa, ikiacha ukungu mweupe, na watu wote wa ukingoni wakashangilia, na walikuwa na haki yao. Mimi nilikuwa jikoni kwa Mama Igoki, nimekaa karibu na tenga lililofunikwa leso, nikisikia ndani yake miguu midogo ikikwaruza. Siku zilizofuata walinikataza kukanyaga kisiwa. Niliporuhusiwa, nilitembea kila mahali na daftari. Kwelea walikuwa zulia. Chiriku niliwatafuta kwa manjano ya mkia, nikawaandika. Hapakuwa na aliye hai. Wa jicho bovu nilimpata mbele ya mlango, pale pale alipozoea kula.

Daktari alifika wiki mbili baadaye na visanduku vya mbao, ruhusa ya Meru imetoka. Nilimwambia habari ya dawa. Habari ya mwere nilimwambia pia. Alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kwelea wangekuja tu," akasema mwishowe. "Mvua ilikuwa nzuri, matete yapo. Si mwere wako uliowaleta." Ndivyo anavyosema mpaka leo, na mpaka leo simwamini. Aliwahesabu wale kwenye tenga. "Tisa ni wachache, Njagi. Lakini wapo." Akaenda nao. Wakashika kule kilimani, wakazaa, na kila mwaka ananitumia ujumbe kunijulisha idadi. Sijawahi kwenda kuwaona. Najijua. Nitatia mkono mfukoni niwatupie mwere.

Mama Igoki aliokoa nusu ya shamba lake, pengine pungufu. Daktari nilimwambia yote, ila sehemu ile moja, ya mifuko ya kila Jumamosi, sikumwambia mwenye shamba. Nilimwambia wanalala kwangu. Sikumwambia nani aliyewawekea meza. Mwezi wa tatu nilifunga kitanda cha kukunja, nikavuka asubuhi mapema kabla hajapanda jukwaani, nikapita nyuma ya nyumba yake nikishika njia ya Gachoka, nikaenda zangu. Sikuaga. Mtu aliyeninywesha maneno mwaka mzima, nikampita mgongoni kama mwizi.

Ijumaa ya mazishi jua lilikuwa lile lile. Maji yalikuwa yameshuka sana na kisiwa kimeungana na nchi kavu kwa ulimi wa matope, mbuzi wakipanda na kushuka wapendavyo. Jukwaa halikuwepo. Tulimzika, tukaimba, mchungaji akasema yake, na watu walipoanza kupanga foleni ya chakula mwanamke mrefu, nywele zimeanza mvi, akanishika mkono akanipeleka jikoni. Mafiga matatu. Kinu. "Mimi ndiye Igoki," akasema. "Mwandiko wako ninao wote, barua zote. Ulikuwa unaandika 'r' vibaya." Nikasema nilikuja na neno langu, na kwa kuwa nimemkosa mwenyewe, nimwambie yeye. "Ule mwere mama yako aliokuwa akinipa. Sikuwahi kuula."

"Ulipatia ndege," akasema Igoki. "Tunajua."

Nikamtazama.

"Mwalimu, si wewe ulikuwa unamsikia akiongea kule juu? Sasa ulifikiri maji yanabeba sauti upande mmoja? Alikuwa anakusikia kila asubuhi. Twana twakwa, twana twakwa. Hata wale wamama wa kuteka maji walikuwa wanakuiga." Alicheka, na kicheko kilikuwa cha mamake. "Na ukamwambia ni mtamu!"

"Akajua, na akaendelea kunipa?"

"Alisema akikuambia anajua utaona haya, utaacha kuja. Baba hayuko, mimi niko shule, na wewe ulikuwa unakuja kila Jumamosi." Akainamia sufuria, akakoroga. "Lakini nisikufiche. Alikungojea. Kila mavuno alikuwa anaweka debe moja kando, anasema ni la mtu wa kisiwa, akija tumpe. Mpaka mwaka aliposhindwa kulima. Hilo la mwisho ndilo hili. Tumelisaga juzi."

Alinimiminia uji kwenye kikombe kikubwa cha bati, akanipa kwa mikono miwili. Nje watu walikuwa wakiitana kwa sahani. Nilikunywa. Ulikuwa mchachu, wa kulazwa siku mbili, na chini ya uchachu kulikuwa na uchungu kidogo, na chenga zilizobaki kwenye meno. Utamu haukuwemo hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kuuonja asingesema nilichosema. Niliunywa wote, polepole, Igoki akinitazama, mpaka nikaona bati la chini.

"Si mtamu," nikasema.

Akapokea kikombe, akaniongezea.